Chokaa ya Jaji

Mama alikuwa amepanda juu ya kreti la soda, brashi mkononi, anapaka ukuta wa mbele chokaa kwa hasira kama mtu anayempiga mwizi. Jua lilikuwa halijapanda vizuri. Nilitoka nje na simu yangu mkononi, macho bado mazito, nikakuta nusu ya nyumba yetu imekuwa nyeupe pee. Ile nusu nyingine bado ilikuwa na mstari wa tope uliopita chini kidogo ya dirisha, mstari wa rangi ya chai ya maziwa, umenyooka kama umepigwa rula. Hapo ndipo maji yalipofika. Mstari ule ndio uliokuwa kesi yetu, na mama alikuwa anaufuta.

"Mama! Wakili alisema tusiguse kitu!"

"Wakili alisema." Hata hakugeuka. "Wakili ana kwake. Mgeni anakuja kwangu."

"Siyo mgeni, mama, ni jaji!"

"Jaji si mtu? Hana macho? Unataka akirudi huko aseme nini, kwamba kaenda kwa dobi kakuta dobi anaishi ndani ya doa? Acha kunipigia kelele. Nisogezee hiyo ndoo."

Nikamsogezea ndoo. Ungefanyaje? Wewe humjui mama yangu.

Mama alikuwa dobi, tena siyo dobi wa kubahatisha. Mashuka ya nyumba za wageni, mashati meupe ya wahudumu wa hoteli, sare za manesi, vyote vilipita mikononi mwake. Doa kwake lilikuwa tusi. Damu, wino, kutu, mafuta ya gari, kila moja lilikuwa na dawa yake, na alikuwa anaongea nalo huku analisugua: "Toka, mshenzi wewe, nani kakualika?" Mtu aliyeishi hivyo miaka yote, halafu unamwambia aache doa refu kuliko nyumba likae ukutani mpaka jaji aje alione? Ulikuwa unamwomba asiwe yeye.

Lakini ngoja nirudi nyuma, maana bila bonde huwezi kuelewa ugomvi.

Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na bonde. Halikuwa zuri, tusidanganyane. Matete, vyura, mbu wa kumwaga. Lakini mvua zikianza, maji yote ya mjini yalikuwa yanashuka kulala pale. Yanajitandaza, yanatulia, halafu yanaondoka yenyewe polepole bila kumsumbua mtu. Kwenye ramani ya mji palikuwa pameandikwa pasijengwe. Sisi hatukuijua hiyo ramani. Tulijua tu kwamba hatujawahi kuamka tukakuta ndala zinaelea.

Kisha ukaja uzio wa mabati. Juu ya mabati wakabandika picha ya ghorofa refu lenye bustani, na watoto wanacheka, watoto ambao mtaani kwetu hawajawahi kuonekana. Malori yakaanza kumwaga kifusi. Na juu ya kijiko, lile limashine la kuchimba na kusukuma udongo, alikuwa amekaa mtu kama mfalme kwenye kiti chake, miwani ya jua, kofia ya njano. Mjomba wangu.

Mjomba ni mdogo wake mama, wa tumbo moja. Wazazi wao walipofariki, mama ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule, alimnyoa nywele, alimpigania na watoto wa jirani. Sasa mjomba amepata kazi kubwa, na kwa mdomo wake vijana wengi wa mtaa nao wakapata vibarua pale. Mtaa mzima ukawa unamwita bosi. Mama naye alijivuna mwanzoni, tena sana. Alikuwa anasimama kwenye kamba ya nguo anawaambia wateja, "Mnasikia hiyo ngurumo? Hiyo ni mikono ya mdogo wangu."

Bonde likafukiwa. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalishuka kama kawaida yake, yakatafuta kitanda chake, yakakuta pamejaa. Yakageuka. Yakaja kwetu.

Siku hiyo mjomba alikuja mbio kutoka kazini. Alimkuta mama amesimama juu ya meza, amekumbatia furushi la mashuka ya watu, maji yako chini ya dirisha. Akamgeuzia mgongo. "Panda, dada." Akambeba mpaka barabarani, huku mama anampiga mabega anamwambia arudi afuate pasi ya mkaa. Tulicheka ile jioni, unaamini? Tulikuwa tumelowa mpaka mifupa na tulicheka.

Kicheko kiliisha mama alipomuuliza, "Haya, lile bonde mtalifukua lini?"

"Kulifukua? Dada, wewe mzima kweli?"

Ndivyo ilivyoanza. Wakili wetu alikuwa msichana mwembamba mwenye koti moja, alikuja mtaani mwenyewe baada ya mafuriko, akasema hatalipisha mtu. Akatueleza kwamba ghorofa linajengwa mahali pasiporuhusiwa, kwamba hakuna aliyekuja kupima maji yataenda wapi, na kwamba mtu wa kawaida anaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya umma. Alitafuta watu wa kuweka majina yao. Safu yetu ya nyumba, ile iliyo chini kabisa, wachache walikubali. Mama akawa wa kwanza. Mahakama ikatoa zuio la muda: kazi isimame kwanza.

Kazi iliposimama, mtaa ulitugeukia.

Mwenye duka alikuwa ananiambia sukari imeisha, na gunia liko nyuma yake mdomo wazi, naliona. Ukifika bombani wanawake wanakata maneno. Asubuhi moja tulikuta mtu ametumwagia taka mlangoni, maganda na nepi, na mama akaziokota, akafagia, akamwagia maji. Vijana waliokosa vibarua walikuwa wakiniona na simu yangu wanapiga miluzi: "Mpige picha! Mpeleke mahakamani! Huyu anapumua bila kibali!"

Na mjomba alikuja nyumbani, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Nasikia unashitaki kwa niaba ya umma."

"Ndiyo."

"Umma ndio nani, dada? Mimi si umma? Wale vijana waliokaa bila kazi si umma? Au umma ni wewe na kamba yako ya nguo?"

"Umma ni yule anayelala kwenye maji."

"Maji ya siku moja! Unafunga kazi ya watu wote kwa maji ya siku moja!"

"Toka kwangu," mama alisema. Alisema taratibu. Mjomba akatoka, na geti akalibamiza mpaka bawaba ikang'oka.

Mahakamani kampuni ilikuwa na wakili tuliyemwita Manukato, kwa sababu harufu yake ilikuwa inaingia kabla yake na kubaki baada yake. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayelisha mtoto uji. Wakili wetu alipotoa picha nilizopiga kwa simu, Manukato alitabasamu.

"Mheshimiwa, picha hizi zinaweza kuwa za mtaa wowote na mvua yoyote. Siku hizi hata mtoto wa shule anatengeneza mafuriko kwenye simu akiwa amekaa sebuleni."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nachemka, simu imeniganda mkononi, natamani nimtupie.

Halafu akaongeza: "Na hata kama maji yapo, Mheshimiwa, chanzo ni wao wenyewe. Hawa ni wakazi wanaotupa taka ovyo kwenye mitaro. Ni watu ambao, kwa heshima zote, hawana mazoea ya usafi."

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, gauni lake limepigwa pasi mpaka linakata. Alinishika tu mkono, na kucha zake zikaingia.

Jaji, mama mmoja mwenye miwani mizito, aliandika, akaandika, akavua miwani. "Nitakuja kuona mwenyewe," akasema.

Kwenye korido wakili wetu alikuwa anarukaruka kwa furaha. "Mama, hii ndiyo nafasi yetu! Ila naomba sana, msioshe, msifagie, tope liacheni, ule mstari ukutani uacheni hivyohivyo. Nataka jaji aione aibu yao."

"Sawa, mwanangu," mama akasema.

Wakili aliona aibu ya kampuni. Mama alikuwa anaona aibu yake.

Pengine bado angevumilia. Lakini jioni ya kuamkia ugeni tulipita mbele ya duka, na mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi na vijana wake wasio na kazi.

"Dada! Kesho mna wageni. Mmemwandalia nini jaji, tope la kukaanga au la kuchemsha?"

Wakaangua kicheko. Mama akasimama. Nikamvuta, hakwenda.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuoga," akamwambia. "Ukiona beseni ulikuwa unakimbilia chini ya kitanda, unalia kama mbuzi."

Kicheko kikahamia kwa mjomba. Nilimwona anavyobadilika uso. Angeweza kunyamaza, lakini vijana walikuwa wanamtazama.

"Ndiyo, umenifundisha," akasema. "Na bado nyumba yako inanuka."

Hakuna aliyecheka tena. Mama alitembea mpaka kwa muuza rangi, akarudi na mfuko wa chokaa kichwani.

Basi sasa umefika pale nilipoanzia, asubuhi, mama juu ya kreti.

Wenzetu wa kwenye kesi walipomwona anapaka, nao wakaona haya kubaki wachafu peke yao. Mmoja akachota maji, mwingine akaja kuomba chokaa iliyobaki. Tope likakwanguliwa, mtaro ukazibuliwa, hata ile njia ya mbele ikafagiliwa na kunyunyiziwa maji ili vumbi lisimpate mgeni. Mpaka magari yanafika, safu yetu nzima ilikuwa inang'aa kama meno ya mtoto.

Wakili wetu alishuka wa kwanza. Akatazama ukuta. Akautazama tena.

"Mama," akasema. "Umefanya nini?"

"Nimefua," mama akajibu.

Jaji alikuja amevaa mabuti ya mvua. Alishuka kwenye gari akiwa amejiandaa kukanyaga matope, akakanyaga njia yetu iliyofagiliwa. Akatazama mabuti yake, akatazama njia. Manukato hakuhitaji kusema mengi. Alizunguka mara moja mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Pazuri sana," akasema. "Ila naomba kuuliza, Mheshimiwa. Maji yako wapi?"

Nilimwona mama anavyoelewa. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu aliyefunga mlango kwa nguvu, halafu akakumbuka kwamba mtoto yuko ndani. Akasogea ukutani, akanyoosha mkono, akabandika kiganja chini ya dirisha.

"Yalifika hapa, Mheshimiwa."

Alipotoa mkono, chokaa ilikuwa bado mbichi. Ukabaki ukutani mchoro wa kiganja, vidole vyote. Manukato akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

"Kuna mtu mwingine aliyeyaona yakiwa hapo?" jaji akauliza. "Ambaye si sehemu ya kesi hii?"

Mtaa mzima ulikuwa umejaa pale, kwenye kuta na juu ya mapipa. Wafanyakazi wa kampuni walisimama upande wao na kofia zao za njano. Mama akawatazama, kofia moja baada ya nyingine, mpaka akafika aliyemtaka.

"Muulize yule. Yule ni mdogo wangu. Alinibeba mgongoni kunitoa humu ndani."

Jaji akageuka. Kila mtu akageuka. Mjomba alikuwa na msimamizi wake upande mmoja, na vijana aliowatafutia kazi upande wa pili. Akavua kofia. Alikuwa anatokwa jasho, na jua lenyewe halikuwa kali.

"Ulikuwepo?" jaji akauliza.

"Mimi…" Akatazama chini. "Sikumbuki, Mheshimiwa."

Mama hakulia, hakumtukana. Aliinama akaokota brashi iliyokuwa imeachwa chini, akaingia nayo ndani.

Zuio likaondolewa. Jaji alisema kesi iendelee, lakini kwa alichokiona haoni sababu ya kazi kusimama. Siku iliyofuata kijiko kiliamka na kunguruma, na vijana wakakipigia makofi kama bibi harusi anaingia ukumbini. Dukani sukari ikapatikana ghafla. Mwenye duka aliniongezea hata biskuti, "mpelekee mama, apoe," na biskuti ile niliitupa mtaroni, huo mtaro wetu tuliouzibua wenyewe.

Mama aliendelea kufua. Mjomba alipokuwa akipita barabarani, mama alikuwa anageuza mgongo na kuanika shuka kati yao.

Kisha msimu ukarudi. Mvua ilianza asubuhi kweupe, nzito, na safari hii ghorofa lilikuwa limeshapanda na kifusi kimesogea mpaka mgongoni mwetu. Maji hayakuja kwa safu ya chini peke yake. Yaliingia dukani, yakaingia kwa akina mama wa bombani, gunia la sukari likageuka uji. Watu walikuwa wanapiga kelele kila kona. Sisi tulikuwa juu ya meza tena, mama na furushi lake, mimi nimeinua simu juu isilowe, na maji yanapanda na kutetemeka kama yanasikia baridi.

Mjomba akatokea mlangoni, maji kifuani. Akamgeuzia mama mgongo, vilevile.

"Panda, dada."

Mama aliutazama ule mgongo, mgongo aliousugua kwa dodoki toka uko mdogo.

"Wewe nani?" akasema. "Mimi sikumbuki kama nina mdogo wangu."

Akashuka mezani mwenyewe. Alinishika mkono, tukayapasua maji mpaka nje, sketi yake imevimba pembeni kama mwavuli. Furushi la mashuka liliachwa mezani. Nilipogeuka, nilimwona mjomba analichukua, analiweka kichwani, anatufuata nyuma. Hakuna aliyemtuma.

Maji yalipoondoka, yaliacha mstari mpya kwenye chokaa. Kahawia juu ya nyeupe. Ule wa zamani ulikuwa cha mtoto. Huu ungeuona hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Watu walioturushia nepi sasa walikuwa wanakuja mmojammoja, wamebeba viatu mkononi. "Mama, ile kesi yetu imefikia wapi?"

"Yetu?" mama alikuwa anawauliza. "Na wewe umma?"

Lakini aliwaacha waandike majina. Na ukuta hakuugusa. Alikuwa anakaa ameupa mgongo, anafua huku meno yameumana.

Jaji alirudi. Mabuti yalimfaa safari hii. Alisimama mbele ya mstari, akapima kwa mkono wake mwenyewe, akauliza swali lake lilelile, nani mwingine aliona. Manukato alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini kutoka kwenye kofia za njano mtu mmoja alitoka bila kuitwa, na kofia akaiacha chini.

"Mimi," mjomba akasema. "Nilikuwepo, Mheshimiwa. Mara zote mbili. Na bonde nimelifukia mimi. Niliambiwa nisukume mpaka kwenye mabati, nikasukuma."

"Msaliti!" kijana mmoja akapiga kelele nyuma. Msimamizi alikuwa tayari ameshika simu sikioni. Manukato alisema shahidi huyu ni ndugu wa mlalamikaji, na jaji akamwambia hilo analijua, alishaambiwa, akae kimya.

Kazi ikasimama tena. Imesimama mpaka leo. Ghorofa liko pale na nondo zake zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeshtuka, na kesi bado inapigwa tarehe. Mjomba alifukuzwa jioni ileile, na wale vijana waliokuwa wanamwita bosi waliacha kumsalimia.

Magari yalipoondoka siku ile, watu walitawanyika. Mjomba alibaki barabarani peke yake, akasogea mpaka mlangoni kwetu. Mama alikuwa ndani, anatenganisha nguo za rangi na nyeupe. Alimwona. Nilijua amemwona kwa jinsi mikono yake ilivyopunguza mwendo.

"Dada," mjomba akaita.

Mama akachukua shati, akalinusa, akalitupa kwenye rundo. Akachukua lingine.

"Dada, hodi."

Nikamtazama mama nione kama atasema karibu. Hakusema. Ila upepo ulipousukuma mlango ukataka kujifunga, alinyoosha mguu wake, akauzuia, akaendelea kuchambua nguo.

Mjomba akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.